Kupaka Sanamu Ndogo Rangi ya Manjano Bila Kuigeuza Kijani

Anayesema manjano imekataa kukolea mara nyingi ameipaka juu ya praima nyeusi, yaani rangi ya kwanza inayozishikilia nyingine. Chembe za rangi nyingi za manjano hupitisha mwanga, kwa hiyo kilicho chini huchungulia. Kikiwa cheusi, manjano huchachuka kuwa kijani cha zeituni. Hata ukiongeza tabaka la sita hutaiponya, utakuwa unafukia tu mikunjo ya vazi na vichwa vya misumari kwenye deraya. Kazi ya manjano huamuliwa chini.

Praima nyeupe au ya kijivu hafifu ndiyo mwanzo salama. Kopo la praima ya magari, la aina inayouzwa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, linaweza kutumika, lakini lijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki inayobaki baada ya kukata vipande, kwa sababu baadhi ya viyeyusho huila plastiki. Shikilia kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa sanamu, upulize kwa vipigo vifupi. Jua kali na upepo mkavu wa Februari hukausha matone yangali hewani, na sanamu hutoka na ngozi ya mchanga. Siku za masika unyevu huacha ukungu mweupe. Chagua saa nne asubuhi, siku tulivu, mahali vumbi halifiki.

Juu ya praima, usikimbilie manjano bado. Paka kwanza rangi ya joto iliyo rahisi kuenea. Unataka manjano nzito kama kiini cha yai la kienyeji? Anza na rangi ya udongo wa manjano. Ukiona PY42 kwenye tyubu (PY na namba yake hutaja aina ya chembe za manjano), hiyo ni oksidi ya chuma na hufunika vizuri. Unataka manjano inayong'aa? Anza na pinki iliyofifia. Hapo ndipo wengi hushangaa: pinki ikiwa chini, manjano hubaki hai, haina ule ubaridi wa limau unaotokana na nyeupe tupu. Wanaotumia Citadel, chapa ya rangi za sanamu ndogo, hupata kazi hii ya chini kwa Averland Sunset, kisha hupanda na Yriel Yellow, na deraya za Imperial Fists, askari wa manjano wa mchezo wa Warhammer 40,000, hutoka safi kwa njia hiyo.

Kwenye tyubu za akriliki za wachoraji, tafuta kimraba kidogo: kikiwa kitupu, rangi hupitisha mwanga, kikiwa kimejaa, inafunika. PY3 hupitisha mwanga sana. PY35 ni kadimiamu, inafunika vizuri lakini ni sumu. Usichongoe brashi yake kwa midomo, usiipulize, wala usiisugue kwa msasa.

Changanya matone mawili ya rangi na tone moja la maji. Chombo chenye kifuniko, sponji ya jikoni iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake vitazuia rangi isikauke ukiwa kazini. Futa brashi kwenye tishu kabla ya kugusa sanamu, kisha paka tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kabisa. Mabaka hutokea ukirudia sehemu iliyokauka nusu, maana brashi huing'oa ngozi ya chini. Baridi ya Julai huongeza muda wa kungoja, na hakuna njia ya mkato ya kuaminika.

Sasa kivuli. Usichanganye manjano na nyeusi, hata kidogo. Litazame basi la shule lililoegeshwa kwenye udongo mwekundu: sehemu zake za chini hazionekani nyeusi, huonekana kahawia yenye uchungwa, kwa kuwa mwanga unaruka kutoka ardhini. Fuata mpango huo huo. Tengeneza mchanganyiko wa sehemu moja ya kahawia nyekundu na moja ya rangi ya machungwa, ongeza maji sehemu nne, kisha uuelekeze kwa ncha ya brashi namba 1 kwenye mifereji tu: kati ya vipande vya deraya, chini ya mkanda, nyuma ya goti. Mwaga wa kivuli juu ya sanamu nzima huacha madoa ya kahawia kwenye sehemu tambarare, na kuyafuta ni kazi zaidi kuliko kupaka upya. Kati ya rangi za kivuli za Citadel, Reikland Fleshshade hufaa kwa sababu ina wekundu. Agrax Earthshade huelekea kuifanya manjano ionekane chafu.

Kwa kina zaidi, ongeza zambarau kidogo sana kwenye kahawia hiyo, tone moja kwa matone kumi, na uiweke ndani kabisa ya mfereji. Zambarau hukabiliana na manjano, kwa hiyo giza lake hulainika bila kuwa kijani. Rangi ya kivuli ikivuka mpaka, isafishe kwa brashi yenye maji kabla haijakauka; ikikauka, rudishia manjano ile ile ya mwisho.

Kwenye kingo, tumia manjano iliyochanganywa na krimu. Nyeupe tupu huonekana kama chokaa. Mstari mwembamba unatosha, na nukta ya krimu iliyokolea iwekwe kwenye pembe kali pekee.

Changanya karibu na dirisha. Balbu ya mwanga wa joto huficha tofauti kati ya manjano na krimu, na kesho yake utakuta kingo zimepauka kupita kiasi.

Vanishi isiyong'aa huweza kufifisha vivuli ikipakwa nene. Paka nyembamba mara mbili, nusu saa katikati, na kwa deraya chagua ile ya mng'ao mdogo, kisha acha sanamu usiku mzima kabla ya kuishika mezani.