Namna ya kuisikiliza London Calling kama masikio yako yamezoea taarabu na rege

Maskani wakisikia muziki wa pank wanajua ni kelele tu, na kweli ukianza na albamu ya kwanza ya The Clash, bendi ya pank ya London, ile ya 1977, utaikimbia. Anza na hii yao ya tatu, London Calling, ilotoka Uingereza Disemba 1979. Nyimbo 19, saa moja na kidogo, kwahiyo idaunlodi kabisa kwenye waifai ya mtu bando lisije kukukatikia njiani.

Usianze na wimbo wa mwanzo. Ruka mpaka wa 10, The Guns of Brixton, huo ni rege na rege sie hatufundishwi. Tia hedifoni maana simu peke yake besi haitoki na wimbo wote umo kwenye besi. Kautunga na kauimba Paul Simonon, mpiga besi mwenyewe, aliekulia Brixton, mtaa wa London wenye watu wengi wa asili ya Karibiani, anakuuliza polisi wakikuvunjia mlango utatoka vipi, na 1981 kweli vijana na polisi wakapigana mtaani huko huko. Besi hiyo hiyo kundi la Beats International wakaichukua 1990, wakatoa Dub Be Good to Me, ikashika namba moja Uingereza.

Ukishaizoea rudi nyuma mmoja, Clampdown. Hapa fungua maneno usome huku unasikiliza, Joe Strummer, muimbaji wao, anayameza sana. Anawasema vijana wanaoingia kazini na hasira zao, mwisho nao wanakua wakandamizaji. Usikae kutafuta fumbo kama kwenye taarabu, hamna, kijembe kinakuja kimenyooka. Ingawa hata Siti binti Saad alipoimba Kijiti, habari ya muuaji alietoroka, mahakama hakuifichia sana.

Sasa ndo nenda wimbo wa jina la albamu. Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani kilipata ajali, na London walikua wanaogopa mto Thames utafurika, yote yamo humo, na sie wa visiwani habari ya maji kupanda hatuhitaji mkalimani.

Spanish Bombs, ya vita vya Hispania, iweke siku nyengine, inataka utulivu. Wimbo wa Koka Kola ruka tu, mie hainiingii.

Ukipata sahani yenyewe ya zamani, orodha ya kava ikiisha usizime. Train in Vain iliongezwa mwishoni kava lishachapwa, na ni wimbo wa mapenzi, wa mtu kaachwa.