Kabla hujavuka usiku kutoka Tanga kwenda Pemba

Haya nayaandika kwa aliyetoka mbali na chombo, Kilwa au Mafia au hata Mtwara, akipanda na pwani siku baada ya siku, na sasa yuko Tanga akijiambia amebakiza usiku mmoja tu. Usiku huo uandalie kama safari mpya.

Yale unayoyajua tuyapite haraka. Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na livaliwe, lisigeuzwe mto. Tochi mbili zenye betri mpya. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uizime, kwa sababu katikati mtandao unapotea na chaji itaisha bure ikiutafuta. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema mawimbi makubwa, baki nchi kavu. Ondokea bandari inayojulikana, ambako majina yanaandikwa, wala usikubali bandari bubu. Chombo kikizidi watu, shuka, hata kama nauli umeshatoa. Sisi wenye ndugu Pemba hatujasahau usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba na watu kupita kiasi.

Ukiweza kuchagua siku, chagua siku ya tisa au ya kumi tangu mwezi uandame. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, limepita, maji ni mafu, mikondo ya milangoni imepungua nguvu, na mbalamwezi inakusindikiza mpaka kiasi cha saa saba usiku.

Sasa lile lililonifunza. Tulikuwa watu saba kwenye jahazi, kusi, upepo wa kusini, la mwezi wa nane, siku ya tisa tangu Kilwa. Mzigo ulikuwa mbao za paa la nyumba ya mama yangu huko Wete, Pemba, na mimi ndiye niliyeukodishia chombo. Tulitia nanga Tanga alasiri. Nahodha, mzee aliyeijua njia ile tangu utotoni, akasema, "Mwanangu, leo tulale. Alfajiri tuteremke kusini, Kigombe, kwa umande, upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, kesho jioni tuvukie huko." Nikakataa. Mama alikuwa anapiga simu kila siku, mafundi wanasubiri, na mimi kisiwa nilikuwa nakiona kama kiko mkononi. Nikamwambia mzee, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzee wake, kwamba anayelipa ni mimi. Akanyamaza, akatweka tanga baada ya magharibi.

Hatukuwa tumelala vizuri hata mmoja wetu. Njiani siku zote hizo, tukichoka tulijificha nyuma ya kisiwa au fungu, tukatia nanga, tukapumzika. Humo kwenye mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Tanga na kisiwa, kina kinapita mita 700. Nanga yako ni chuma cha kubeba tu, na hakuna amari, kamba ya nanga, ya kuifikisha chini. Ukichoka, unachoka ukiwa unakwenda, na unakwenda yanakotaka maji.

Kwa kusi maji yale yanakimbilia kaskazini, maili mbili hata tatu kwa saa. Tanga na Wete ziko karibu usawa mmoja, kwa hiyo ukiielekeza dira mashariki moja kwa moja unadhani umepata njia ya mkato. Lakini kutoka usawa huo hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni kama maili 12 tu. Piga hesabu ya saa tisa au kumi baharini, utaona kisiwa kizima kinakupita. Ndiyo sababu mzee alitaka kuanzia Kigombe, na wengine huteremka mpaka Pangani: unaanza kusini ili mkondo ukupeleke unakokwenda.

Mzee alimwachia kijana usukani saa nane akajilaza kidogo. Kijana naye akasinzia akiwa amekaa. Kulipopambazuka mbele yetu palikuwa maji matupu. Pemba ilikuwa mstari mwembamba, kusini, nyuma ya bega. Tukajaribu kurudi, upepo usoni na mkondo usoni, mafuta ya injini yakaisha kabla ya adhuhuri. Ikabidi tugeuze tukimbilie magharibi na upepo, tukaangukia pwani ya Kenya jua likizama, bila karatasi za kuingilia, na tangu mchana tulikuwa tukigawana maji kwa kifuniko cha dumu. Yule mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilimwomba radhi pale pale mchangani, na mpaka leo nikimkumbuka nasikia aibu.

Kwa hiyo: mwenye mzigo asimwamuru nahodha. Lala Tanga usiku mzima, na mwenye kushika usukani alale tena mchana. Zamu ziwe za saa mbili, watu wawili kila zamu, mmoja kazi yake iwe kutazama nyuma. Taa ya mnara wa Ulenge, kisiwa kilicho karibu na Tanga, ikiwa bado inaonekana, mpime nayo: mmeshika mashariki, taa inapaswa kubaki magharibi. Ikianza kuhamia kusini-magharibi, mnasukumwa. Kata kusini mapema, usingoje alfajiri. Maji ya kunywa yawe ya siku tatu, hata kama safari ni ya usiku mmoja. Mafuta vivyo hivyo.

Na mkikiona kisiwa, msikimbilie. Mnaingia mkielekea mashariki, jua la asubuhi liko machoni, miamba ya mlango wa Fundo, wa kuingilia Wete, huioni kabisa. Zungukeni nje mpaka jua lipande, saa nne hivi, maji yaonyeshe rangi zake. Mtu mmoja akae mbele, asiongee na mtu.

Usiku msisogee ukingoni peke yenu, hata kwa haja ndogo. Mshikeni mkono mwenzenu. Ngama, maji yanayojikusanya ndani ya chombo, ichotwe kila zamu. Na kabla ya kuondoka, mwachie mtu Tanga na mwingine Wete jina la chombo, idadi yenu na saa mliyotoka, wakubaliane nani apigiwe simu msipoonekana kufikia adhuhuri. Mkifika wapigieni wote wawili kwanza, ndipo mshushe mzigo.