Mia mbili mbili: jinsi ya kuanza kikundi cha kutoa

Mtoto wa jirani yetu hapa Majengo, Mombasa, alipoitwa kidato cha kwanza, watatu kati yetu tulimpelekea blanketi, kila mmoja kwa siri yake. Akaenda bweni na blanketi tatu, na viatu hana. Mama yake aliona haya kutuambia. Nilipojua, nilikaa mbele ya cherehani nikashindwa kushona. Pesa zilikuwepo na nia ilikuwepo. Ila hatukukaa pamoja tukaulizana.

Ndipo tukaanza kikundi. Leo tuko wanawake 12, wengi tulisoma pamoja, na kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 200. Kama unataka kuanzisha chako, nakueleza tulivyofanya na tulipojikwaa.

Tafuta watu mnaoweza kukataliana jambo leo na kesho mkasalimiana. Siku ya kwanza kabisa waambie wazi kuwa hiki si chama. Kwenye merigoraundi pesa huzunguka na zamu yako ikifika unapokea. Hapa ikitoka imetoka, hakuna mkopo wala mgao wa Desemba. Sisi tulianza 15. Watatu walipoelewa hilo walijitoa kwa heshima, na hadi leo ni shoga zetu.

Kiwango kipangeni kwa kumtazama mwenye kipato kidogo kuliko wote. Wapo waliotaka shilingi 1,000. Nilikataa, kwa sababu mwenzetu anayeuza mahamri asingeweza, na mtu akishindwa kwanza hunyamaza, halafu huacha kuja. Mwenye uwezo azidishe akipenda, lakini kura yake ni moja na kiasi chake hakisomwi mbele za watu kama kwenye harambee.

Pesa ndiyo iliyotutoa jasho. Mwanzo tulituma kwenye namba ya mwekahazina mwenyewe. Alikuwa na deni la mkopo wa simu, ule unaojikata wenyewe pesa ikiingia. Mchango wa mwezi, shilingi 2,400, ukapungua usiku mmoja bila yeye kugusa kitu. Alilia mbele yetu, akarudisha kidogo kidogo kwa miezi minne. Kosa lilikuwa letu sote, tulimtwika mzigo bila kufikiri. Sasa kikundi kina laini yake ya M-Pesa isiyochukuliwa mkopo wowote, na kila tarehe 5 mwekahazina hutuma taarifa ya pesa kwenye kundi letu la WhatsApp. Kwa kuwa laini husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, tuliandika karatasi na kutia saini sote kuwa pesa iliyomo ni ya kikundi. Lolote likimfika, watu wake wajue.

Mkikua, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na hapo mtahitaji cheti cha usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.

Jambo jingine la kuzungumza mapema, hasa hapa kwetu, ni zaka. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, yametajwa ndani ya Qur'ani. Sadaka ina nafasi pana zaidi. Mtu asije akahesabu mia mbili zake kuwa zaka kisha zikaenda pasipo pake. Sisi tulikubaliana kuwa mchango wa mwezi ni sadaka tu, na mwenye zaka aitoe mwenyewe. Wenzetu Wakristo nao wakasema fungu la kumi wanalipeleka kanisani, hili ni la jirani.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza baada ya alasiri, pale Laitihausi kando ya bahari, chini ya mibuyu. Kila mtu hujilipia mihogo yake. Pesa ya kikundi hainunui hata chai. Anayependekeza mtu hueleza hali bila kutaja jina. Kisha wawili wasiohusiana na mhitaji humtembelea, na swali lao ni moja: kitu gani kinakukaba zaidi? Naomba msiruke hatua hii. Tuliwahi kujiandaa kumnunulia dawa mzee mmoja wa Likoni anayetakiwa kwenda kliniki kila wiki. Walipomfikia wakakuta dawa anazo. Feri anavuka bure kwa miguu, ila nauli ya matatu ng'ambo zote mbili ndiyo iliyomfanya akose kliniki. Tukamlipia nauli ya miezi mitatu.

Kura ni ya siri. Tunatumia kikombe kilichofunikwa kitambaa: mbaazi ni ndiyo, kunde ni hapana. Aliyependekeza hapigi kura, na kama mhitaji ni ndugu yako, unatoka kabisa ukanunue madafu.

Chagueni shida inayolingana na mfuko wenu. Bili kubwa ya hospitali itameza 2,400 zenu na mgonjwa hataona tofauti. Kukataa kesi kama hizo kunaniuma kila mara, lakini viatu, miwani, nauli na sare ni mambo tunayoweza kuyamaliza. Ada tunalipa shuleni moja kwa moja. Mtu mzima tunampa pesa mkononi, ajipangie. Picha hatupigi, na mpokeaji hatajwi nje ya mibuyu ile.

Kanuni ya mwisho tuliiongeza mwaka jana, pale yule mwenzetu wa mahamri alipougua na biashara kusimama. Alituma mia mbili zake miezi miwili akiwa hana unga. Sasa mwanachama naye anaweza kupendekezwa kama mtu yeyote, na mwezi huo tunakutana bila yeye kujua. Zilipigwa kura kumi. Kikombe kilipomiminwa, kunde haikuwemo hata moja.