Tengeneza kikristali chako cha dhahabu Au(111) kutoka kwenye waya

Wengi wakitaka Au(111), yaani uso bapa wa fuwele (kristali) ya dhahabu ambao atomi zake zimebanana kwa mpangilio wa pembetatu, wanakimbilia kununua kidisk kilichokatwa na kung'arishwa tayari, bei yake sasa, we acha tu. Kumbe kwa kazi za STM (hadubini ya ncha kali inayoonyesha hadi atomi) au elektrokemia waya unatosha, unayeyusha ncha inakuwa kidonge na fuwele inajipanga yenyewe. Njia hii ya moto ilianzia kwa Jean Clavilier kule Ufaransa, 1980, yeye alitumia platinamu.

1. Tafuta waya wa 0.5 mm, usafi 99.99% kwenda juu. Dhahabu ya sonara achana nayo, ina shaba na fedha ndani. Osha kwa asidi ya nitriki ya moto, suuza na maji ya deioni (yaliyoondolewa chumvi zote).

2. Washa tochi ya haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haileti masizi, ila mwali wake hauonekani vizuri, chunga vidole. Shika waya wima, ncha chini. Ikifika nyuzi 1064 za Selsiasi inayeyuka, inajiviringa na kuanza kupanda. Milimita 2 hadi 3 inatosha, ukiwa na tamaa inadondoka.

3. Hapa ndo penye kazi. Shusha moto taratibuuu ili kidonge kigande kuanzia shingoni, ukiwa na miwani ya giza utauona kabisa mpaka wa kigumu na kimiminika unavyoshuka, ukikaribia chini ongeza moto upande tena, shusha tena, usikurupuke. Uchafu unasukumwa kwenye sehemu ambayo bado imeyeyuka na mwisho unatokea usoni kama madoa. Kidonge kikipoa, chovya sekunde chache kwenye mchanganyiko wa asidi, nitriki sehemu moja kwa haidrokloriki tatu, suuza, yeyusha tena mpaka madoa yaishe. Huo mchanganyiko usiufungie kwenye chupa, unatoa gesi, chupa inapasuka.

4. Zungusha kidonge chini ya taa. Utaona vioo vidogo bapa vinamulika, hizo ndo (111), zimekaa kama nyuso 8 za oktahedroni ingawa waya unaficha baadhi. Zikikaa ovyo ovyo una fuwele zaidi ya moja, rudi hatua ya 2.

5. Kabla ya kutumia, pasha kwa moto mdogo hadi wekundu hafifu tu, dakika chache, bila kuyeyusha, kisha poza kwenye gesi ya argoni. Kwenye vakyumu STM ikuonyeshe ngazi za 0.24 nm (kimo cha safu moja ya atomi) na mistari ya zigizaga inayojirudia kila kama 6.3 nm. Ngazi zipo ila zigizaga hakuna? Mara nyingi ni uchafu, safisha uso kwa kuupiga ioni (atomi zenye chaji) za argoni kidogo, pasha, angalia tena.