Kutia mchezo ndani ya programu ya afya ya akili: mwongozo kwa mafundi wa Goma

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima matumizi ya programu 93 za afya ya akili. Kwa programu ya kawaida, siku ya 15 waliokuwa wangali wanaifungua ni karibu 4 kati ya 100. Mchezo unaweza kuwarudisha watu, ila ukitiwa vibaya unamwongezea mzigo mtu aliyekuja kuutua.

Hatua ya 1: Anza na zoezi, mchezo ufuate. Chukua zoezi la pumzi: kuvuta sekunde 4, kutoa sekunde 6, mara 12. Ni dakika 2 kamili. Chora chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia. Mtu akivuta pumzi, chukudu imesimama. Akiitoa, inateremka polepole. Weka mtetemo mfupi kila pumzi inapogeuka, ili anayetaka kufumba macho afumbe. Picha zote za zoezi zisizidi KB 50, kwa kuwa mega zinanunuliwa. Usichore volkano wala moto, na usiweke mlio wa ghafla: Nyiragongo ililipuka 2002 na tena Mei 2021, na milio ya risasi watu wameisikia kwa masikio yao.

Hatua ya 2: Lipa kazi, usilipe hali ya moyo. Zoezi likiisha, pointi 10. Akijaza anavyojisikia leo, pointi 5, awe na furaha au huzuni. Jibu zuri likilipwa zaidi, watu watajaza uongo na takwimu zako zitaharibika. Dodoso la PHQ-9, yaani maswali 9 ya kupima huzuni nzito, kila jibu likiwa 0 hadi 3, lisiwe na pointi hata moja. Swali lake la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote kuanzia 1 lisimamishe mchezo na kuleta namba ya mshauri mliyekwisha kukubaliana naye. Namba hiyo ihifadhiwe ndani ya simu, ipigike bila intaneti. Ijaribu mwenyewe kila wiki.

Hatua ya 3: Ondoa mfululizo wa siku. Hapa ndipo programu nyingi zinapokosea. Kuhesabu siku mfululizo na kurudi sifuri ukiruka moja kunafaa penye umeme wa uhakika. Goma umeme unakatika, mtandao unapotea, familia inahama usiku. Mtu aliyepoteza siku 19 kwa sababu simu ilizima atajilaumu sana. Mwenye huzuni nzito ataona ni ushahidi mwingine kwamba hawezi, naye ataifuta programu. Weka lengo la siku 3 kwa wiki, zozote. Jumla isishuke kamwe. Hesabu ifanyike ndani ya simu, itumwe mtandao ukirudi. Aliyekosekana wiki mbili akute maneno haya: “Karibu tena. Mzigo wako uko pale ulipouacha.” Usimwambie amekosa siku ngapi.

Orodha ya washindi pia usiiweke. Anayekuwa wa mwisho ndiye uliyemjengea programu.

Hatua ya 4: Linda siri. Simu moja hutumiwa na mama, watoto na jirani. Weka namba ya siri ya tarakimu 4. Kikumbusho kiseme tu “Dakika 2 zako zimefika”, bila neno huzuni wala akili. Jina chini ya alama ya programu nalo lisitaje ugonjwa.

Hatua ya 5: Sahihisha lugha. “Msongo wa mawazo” ni Kiswahili cha redio. Mtu wa Birere, mtaa wa biashara wa Goma, atakuambia “niko na mawazo mingi”. Andika hivyo. Mpe msomaji asiyezoea simu asome kwa sauti, anapokwama, badilisha.

Hatua ya 6: Pima. Tafuta watu 10, siku 30. Hesabu waliomaliza zoezi siku ya 1, 7, 15 na 30. Kufungua tu kusihesabiwe. Ikiwa wanafungua, wanachukua pointi na kuacha zoezi kabla ya pumzi ya 12, pointi zimekula zoezi. Zipunguze kuanzia wiki ya 3, na mahali pake onyesha alichojaza mwenyewe wiki ya kwanza kuhusu anavyojisikia.