Mlioko Marekani, someni lebo ya chakula kuanzia juu kabisa

Mama alipokuja kunitembelea huku nilimnunulia supu ya kuku ya kopo, ana presha na daktari kashamwambia apunguze chumvi, basi nikasoma lebo haraka haraka pale dukani nikaona sodium (ile iliyomo kwenye chumvi) 790mg, nikasema si mbaya maana kiwango cha mtu mzima kwa siku ni 2300. Mama akanywa yote na mkate juu. Jioni natoa taka ndio naona kwenye lebo kopo lile limehesabiwa vipimo viwili na nusu! Yaani zile 790 ni za kipimo kimoja tu, mama kameza karibu 2000 kwa mlo mmoja. Iliniuma sana.

Kwa hiyo ukishika pakiti yoyote macho yaanzie juu, penye servings per container (vipimo vingapi kwenye pakiti) na serving size (ukubwa wa kipimo kimoja), maana kila namba inayofuata chini, kalori, mafuta, sukari, chumvi, ni ya kipimo kimoja. Ukila pakiti nzima zidisha mwenyewe. Tambi za pakiti ndo usiseme, lebo nyingi zinahesabu nusu pakiti, sasa nani anapika nusu?

Halafu kuna asilimia upande wa kulia, yaani kipimo kimoja kinachukua asilimia ngapi ya kiwango chako cha siku. 5 kushuka chini ni kidogo, 20 kwenda juu ni nyingi, hiyo inatosha hata kama hesabu hupendi. Na kumbuka huku wanaandika sodium kwa miligramu, Uingereza wanaandika chumvi yenyewe kwa gramu, so ukitumiana picha na dada yako wa London msilinganishe hivi hivi, sodium zidisha mara 2.5 ndo upate chumvi.

Sukari angalia mstari wa added sugars, hiyo ndio waliyoongeza kiwandani, kiwango ni gramu 50 kwa siku. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kopo moja la Coca-Cola lina 39, piga hesabu mwenyewe vijiko vingapi, na watoto wetu wanakunywa kama maji.

Sasa orodha ya viungo. Inapangwa kwa uzito, kilichotangulia ndo kingi zaidi. Mkate wa brauni usiuamini kwa rangi, kama neno la kwanza ni enriched flour huo ni unga mweupe tu, tafuta whole wheat (ngano isiyokobolewa) mwanzoni. Kwa Waislamu wenzangu, zile tortilla tunazofanya chapati siku tumechoka, na maharage ya kopo yaliyopondwa, soma kama kuna lard, hayo ni mafuta ya nguruwe, na gelatin kwenye pipi na baadhi ya yogati kama haijaandikwa imetokana na nini mi naiacha dukani. Mwenye mtoto anayedhurika na karanga au ufuta asome neno Contains chini ya viungo, japo si kila kampuni inaliweka, wengine wanataja ndani ya viungo vyenyewe, hivyo soma yote. Sheria inawalazimisha kutaja vitu vinavyodhuru watu kama karanga, na ufuta umeingia kwenye sheria hiyo tangu 2023.

Na maharage ya kopo ya kawaida kama huna muda wa kuchemsha, mwaga yale maji yake yote, weka kwenye chujio usuuze chini ya bomba, chumvi inapungua vizuri tu, halafu uyaunge kwa nazi yako kama kawaida.