Jinsi Wasomi Wanavyoweza Kuhakiki Balagha ya Kanga Pamoja na Umma

Wasomi watatu au wanne wa Mombasa wanaotaka kuufikishia umma uhakiki wa balagha, yaani uchunguzi wa namna maneno yanavyomvuta, kumshawishi au kumchoma msikilizaji, na waanze na jina moja la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Waende pamoja Mtaa wa Biashara, wanakouza kina Kaderdina Hajee Essak, ambao biashara yao ilianzishwa mjini humu mwaka 1887, wanunue doti moja na kuitandaza mezani.

Tuseme jina lenyewe ni “Japo sipati tamaa sikati”. Mwanaisimu aanze na sauti: sipati na sikati hutofautiana kwa konsonanti moja tu, na ndiyo maana kauli hii hunasa masikioni. Mtaalamu wa balagha naye aulize msemaji hapati nini. Hakutaja, na pengo hilo kila msomaji hulijaza kwa yaliyo moyoni mwake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kueleza kwamba hapana haja ya kulitaja jambo ambalo msikilizaji ataliongeza mwenyewe. Mwanahistoria akumbushe kwamba majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi, kisha asonge mbele.

Kazi hasa ni inayofuata, kwa sababu maana ya jina haikamiliki dukani. Akilivaa mwanamke aliyengoja mtoto kwa miaka mingi, ni dua; akilivaa jirani anayedhaniwa kumnyemelea mume wa mtu, ni uchokozi. Kwa hivyo wasomi wawaendee wanawake wanaozichagua na kuzitunza kanga, na wawahesabu kuwa wahakiki wenzao. Kwa maoni yangu, makala isiyo na sauti zao haifai kutoka. Mvaaji asipigwe picha bila idhini, wala ugomvi wa nyumba ya mtu usianikwe, maana mwenye kanga daima aweza kusema, “Mimi nimevaa nguo tu.” Kukana huko nako ni balagha, tena ya hali ya juu, na kunastahili aya yake.

Mmoja aandike rasimu na wenzake waisahihishe. Wakihitilafiana kuhusu maana, hitilafu hiyo ibaki katika makala. Istilahi za darasani zipunguzwe, kwani fumbo, kijembe na mpasho ni maneno ambayo msomaji anayo tayari. Mwishowe rasimu isomwe kwa sauti barazani, Mji wa Kale, kahawa tungu ikizunguka, na kila mahali msikilizaji atakapokatiza kusema “sivyo”, paandikwe upya.